Kayaki na Ndoana kwa Mgeni wa Nairobi: Mwongozo Kamili wa Kuanza

Mtu anayehamia Nairobi akitoka Kisumu, Mwanza, Lamu au ng'ambo, na kayaki yake imefungwa juu ya gari, hugundua mambo mawili upesi. Jiji liko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, wala halina ziwa la kuvulia. Na maji mazuri yaliyo karibu yana wenyewe: viboko. Mkono wako wa kurusha ndoana umehama nawe na utakufaa tangu siku ya kwanza. Ujuzi wako wa kuyasoma maji umebaki ulikotoka, na huo itabidi uupate upya hapa. Ndiyo sababu tutazungumza sana juu ya maji, upepo na wanyama kabla ya kufika kwa samaki.

Chagua maji kwanza, kayaki baadaye

Kosa linalowagharimu wengi ni kununua kayaki kisha kuanza kutafuta pa kuitumbukiza. Kayaki inayofaa bwawa la shamba si ile inayofaa Kilifi, na isiyoingia kwenye lifti ya fleti yako haifai popote.

Pa kuanzia ni mabwawa ya mashamba. Kiambu, Ruiru, Limuru na Thika kuna mabwawa mengi yaliyochimbwa kwa ajili ya kahawa, chai na mifugo, na baadhi yana perege, kambare, hata besi. Ni madogo, hayana mawimbi ya maana, na ukipinduka unaogelea dakika mbili umefika ukingoni. Yana wenyewe, kwa hiyo omba ruhusa kabla ya kushusha chochote. Ukishapewa, zungumza pia na mlinzi wa bwawa: meneja anajua kina kilichoandikwa kwenye ramani, lakini mlinzi ndiye anayejua kama kuna kiboko aliyepanda kutoka mtoni wiki jana.

Mabwawa yanayolisha jiji maji ya kunywa, kama Ndakaini na Sasumua, usiyachukulie kama uwanja wa wote. Usiingize chombo bila idhini ya wanaoyasimamia. Nairobi Dam, ile iliyo karibu na Lang'ata, iache: magugumaji na maji taka vimeimaliza kwa mvuvi.

Naivasha, karibu kilomita 90 kutoka mjini, ndiyo maji ambayo kila mtu atakutajia. Yana sifa zake: ni maji baridi yasiyo na chumvi, hayana mamba, na besi walioletwa mwishoni mwa miaka ya 1920 bado wamo pamoja na perege, kambare na karpu aliyeingia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Lakini si maji ya kuanzia, na si maji ya kwenda peke yako. Tutarudi huko.

Masinga na mabwawa mengine ya Mto Tana yana samaki wa kutosha, na yana mamba na viboko pamoja. Kwa mtu aliyekaa sentimita chache juu ya maji, jibu letu ni fupi: vua ukiwa ukingoni palipo wazi au ndani ya boti kubwa, kayaki iache nyumbani. Mito ya trauti ya Aberdare na Mlima Kenya nayo ni ya buti na fimbo, haina nafasi ya kayaki. Ziwa Victoria ni safari ya siku nzima barabarani na lina viboko, mamba na kichocho. Ukienda kwa mbuta au ngege, kodi boti ya wenyeji. Kinachobaki, na ndicho tunachokipenda zaidi kwa mwanzaji aliyeshafanya mazoezi bwawani, ni hori za pwani, yaani mikono ya bahari inayoingia bara: Kilifi na Mtwapa.

Kiboko

Kiboko hakai kila mahali ziwani. Mchana hulala kwenye maji ya mita moja hadi mbili, mahali anapoweza kusimama, mara nyingi kando ya mafunjo au kwenye mdomo wa kijito. Jioni hutoka kula nyasi, alfajiri hurudi majini. Hatari kubwa basi iko palepale mvuvi anapopapenda na saa ileile anayoipenda: ukingoni, jua likichomoza au likizama. Akiwa chini ya maji haogelei sana bali hukimbia akikanyaga sakafu ya ziwa, na anaweza kukaa kama dakika tano bila kuvuta pumzi. Kutomwona hakumaanishi hayupo.

Naivasha ina tatizo lake la ziada. Maji ya ziwa yamepanda sana kuanzia 2010 na hasa 2020, yakafunika migunga na mashamba ya ukingoni. Miti ile iliyozama ni nyumba ya besi. Ni nyumba ya viboko vilevile.

Kaa mita 150 au zaidi kutoka kwa kundi lolote, na umbali huo uwe maradufu ukiona mtoto. Usikae kamwe kati ya kiboko na maji ya kina, maana huko ndiko anakokimbilia akishtuka, na atapita palepale ulipo. Hesabu vichwa kila dakika chache. Vilikuwa saba, sasa ni vitano, na juu ya maji kuna mkunjo unaosogea kuelekea kwako: ondoka papo hapo upande ulio kando ya njia yake, usisubiri kuthibitisha. Ukipita karibu na mafunjo gonga ubavu wa kayaki kwa kafi kila baada ya muda, kama wafanyavyo manahodha, ili aliye chini ainue kichwa mapema. Dume la peke yake kwenye kona ya mafunjo linatisha kuliko kundi zima, kwa sababu kundi unalisikia.

Kwa hiyo utaratibu wetu wa Naivasha ni huu. Mara ya kwanza, usiende na kayaki. Kodi boti ya injini yenye nahodha kwa asubuhi moja, vua humo, na umlipe akuonyeshe kila mahali viboko wanapolala na kila mahali palipo na mashina chini ya maji. Mara ya pili na zote zinazofuata, ingia na kayaki huku boti yenye injini ikiwa ndani ya mita mia moja kutoka ulipo. Gharama hiyo ni sehemu ya mchezo kama ilivyo chambo. Asiyeweza kuilipa avue bwawani.

Kayaki gani kwa mtu wa fleti

Kwa uvuvi chukua ile unayokaa juu yake, si ile unayoingiza miguu ndani. Ukipinduka ile ya juu haijai maji, unaigeuza na kupanda tena. Urefu wa mita 3 hadi 3.6 na upana wa sentimita 75 hadi 85 unatosha kwa maji yote tuliyoyataja. Nyembamba zaidi ya hapo inakwenda kasi lakini inayumba ukigeuka kuchukua koleo. Kwenye kibandiko cha uzito inaoweza kubeba, toa theluthi moja. Namba inayobaki ndiyo ya kuzingatia. Mtu wa kilo 85 na mzigo wa kilo 20 anahitaji iliyoandikwa kilo 160 au zaidi.

Ya plastiki ngumu ina uzito wa kilo 25 hadi 35. Inahitaji keria juu ya gari, pa kuiweka, na mtu wa pili wa kuinyanyua. Ukiishi fleti ghorofa ya nne, zungumza na keateka kabla ya kununua, maana nafasi ya ukutani kwenye maegesho haitolewi kwa kila mpangaji. Ya kujazwa upepo ina kilo 12 hadi 18, inaingia kwenye buti ya gari dogo na kulala chini ya kitanda. Nunua yenye sakafu ngumu inayojazwa kwa shinikizo kubwa, si ya kuchezea watoto. Adui zake ni watatu: mwiba wa mgunga ufukweni, mwiba wa pezi la perege, na jua. Ukiijaza kamili asubuhi na kuiacha mchangani saa sita mchana, hewa ya ndani hutanuka na mshono hupasuka. Ikitoka majini, punguza upepo kidogo.

Ukinunua ya mtumba, usiridhike na rangi. Fungua kizibo cha nyuma, mimina ndani ndoo moja ya maji ya lita 20, funga, kisha iinamishe huku na huku juu ya sakafu kavu. Angalia mahali patatu: chini ya tezi, yaani upande wa nyuma, inakoburutwa, kingo za matundu ya kutolea maji, na kwenye skrubu za kiti. Plastiki iliyokaa juani miaka mingi hupauka na kutoa unga mweupe ukiisugua kwa kidole. Hiyo iache hata kama ni ya bure.

Ufa mdogo unazibika, ila si kwa gundi. Kayaki nyingi za plastiki ni polithini, na hakuna gundi ya dukani inayoishika. Inachomelewa kwa joto. Hapa ndipo wengi huumia: mafundi wanaochomelea bampa za magari hutumia vijiti vya polipropilini, kwa sababu bampa nyingi ni hizo. Plastiki hizi mbili hazishikani. Kiraka kitaonekana kizuri mezani na kubanduka ukiwa katikati ya bwawa. Mpe fundi ukanda wa plastiki ya aina ileile, aujaribu kwanza mahali pasipoonekana, uache upoe kabisa, kisha uuvute kwa koleo. Ukibanduka mzima, aina si yenyewe. Ukikatika au kuvutika kama ubani, endelea.

Vitu ambavyo usipokuwa navyo huingii majini

Jaketi la kuokolea maisha ni la kwanza, na huvaliwa. Likifungwa nyuma ya kiti ni mzigo tu. Kwa muogeleaji kwenye maji tulivu, lenye nguvu ya Nyutoni 50 linatosha. Asiyeogelea vizuri achukue la 100. Chagua la kayaki, lenye mgongo mfupi, kwa sababu lile refu la feri hukupanda shingoni ukikaa. Lijaribu ukiwa umeketi: mtu akilivuta mabegani juu, lisivuke masikio yako.

Kafi la ncha mbili liwe sentimita 230 hadi 250, refu zaidi kadiri kayaki inavyokuwa pana, na lifungwe kwa kamba fupi. Filimbi ifungwe kwenye jaketi, si kwenye begi. Kisu kifupi chenye ala kikae kifuani mahali mikono yote miwili inapofika, kwa ajili ya kukata mshipi au kamba ya nanga iliyokunasa. Simu iwe ndani ya mfuko usioingiza maji, mfuko huo umefungwa mwilini. Namba za dharura ni 999 na 112. Maji ya kunywa lita mbili kwa asubuhi moja, kofia ya ukingo mpana, shati la mikono mirefu. Jua la hapa karibu na ikweta na juu mlimani huunguza hata siku ya mawingu, na wageni hawaamini mpaka ngozi ya miguu ianze kubanduka.

Keria na mikanda utapata kwa urahisi mjini. Mtaa wa Kirinyaga una kila aina ya vipuri. Mafundi wa Kamukunji watakutengenezea mkokoteni wa magurudumu mawili ukiwapelekea vipimo vya tumbo la kayaki. Agiza magurudumu ya upepo, si ya mpira mgumu, kwa sababu haya ya pili huzama kwenye matope ya Naivasha na mchanga wa Kilifi.

Kayaki ifungwe kwa mikanda miwili ya bizimu, mmoja kwenye kila chuma cha keria, na kamba moja omo, yaani mbele, na nyingine tezi hadi kwenye ndoano za gari. Mikanda ya racheti inashawishi kukazwa kupita kiasi. Jua likiwaka plastiki hulainika na tumbo linabonyea. Ukanda upinde mara moja kabla ya kukaza ili usivume kwa upepo. Simama Limuru ukague tena, kabla ya kuingia kwenye upepo wa bonde.

Kupinduka, mpaka kuwe jambo la kawaida

Zoezi hili hufanywa kwenye bwawa la kuogelea lenye kina au bwawa la shamba lisilo na mnyama, ukiwa umevaa nguo zilezile za kuvulia. Usilifanyie Naivasha.

1. Jipindue makusudi. Ukiibuka, shika kayaki kwanza, kafi baadaye. Kayaki tupu hupeperushwa na upepo haraka kuliko unavyoogelea.
2. Nenda katikati ya ubavu wake. Pitisha mikono juu ya tumbo lililogeuka, shika ukingo wa mbali au kamba yake, weka magoti kwenye ukingo wa karibu, vuta ukilala nyuma. Itageuka.
3. Shika ukingo wa karibu kwa mkono mmoja na wa mbali kwa mwingine. Acha miguu ielee nyuma yako mpaka mwili ulale sawa na maji.
4. Piga miguu kwa nguvu na ujivute kifudifudi mpaka kitovu kiwe katikati ya kiti. Wengi hushindwa hapa kwa sababu miguu imening'inia chini ya kayaki, na wanajaribu kujinyanyua kwa mikono peke yake.
5. Geuka taratibu mpaka makalio yawe kitini, miguu ikiwa bado majini pande zote mbili. Tulia. Kisha ingiza miguu.

Rudia mpaka ufanye mara tano mfululizo, kila mara ndani ya dakika moja, na mara ya tano ukiwa umechoka. Kama huwezi, tatizo mara nyingi ni jaketi nene mno kifuani, au vishikio vya fimbo vilivyowekwa ubavuni unapopandia. Vihamishe nyuma ya kiti.

Kupanga mzigo, na suala la nanga

Uzito ukae katikati na chini. Kreti ya soda nyuma ya kiti, yenye mabomba mawili ya plastiki yaliyofungwa kwa vibanio, ni kishikio cha fimbo kizuri kuliko vingi vinavyouzwa. Kila kitu kinachozama kifungwe kamba, kasoro wewe. Usiende na fimbo zaidi ya mbili.

Nanga ya kukunja ya kilo 1.5 inatosha. Kamba iwe mara tano ya kina: kwenye mita 4 toa mita 20, la sivyo nanga haitalala na itaburutika. Nanga haifungwi ubavuni kamwe. Upepo au mkondo ukivuta kayaki kwa ubavu, ukingo wa upande wa kamba huzama, maji yanapanda, na unapinduka kabla ya kuelewa kilichotokea. Funga kitanzi cha kamba kinachozunguka kwenye kapi mbili kutoka omo hadi tezi, uisogeze nanga iwe mbele au nyuma ukiwa umeketi. Kwenye mwisho wa kamba weka boya na kiungo cha kufungua kwa mkono mmoja, ili ukilazimika kuondoka uiache nanga na kuifuata baadaye. Kwenye mkondo wa bahari, mwanzaji asitie nanga kabisa.

Ruhusa na watu wa ufukweni

Uvuvi wa burudani unahitaji leseni chini ya Sheria ya Usimamizi na Uendelezaji wa Uvuvi ya 2016. Ofisi ya uvuvi iliyo karibu na maji unayoyaendea ndiyo ya kuulizia ada na vipindi vya kufungwa kwa uvuvi, maana Naivasha hufungwa kwa muda ili samaki wazaane. Ndani ya mbuga za baharini, kama zile za Watamu na Malindi, hakuna kuvua. Usalama wa vyombo vidogo uko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya Kenya.

Karatasi hazitoshi. Kila ufuko wa kushushia samaki una kamati ya BMU (Beach Management Unit), kikundi cha wenyeji kinachousimamia ufuko, na mwenyekiti wake ndiye wa kumwona kabla ya kugusa maji. Fika mapema, msalimie, mwambie unatoka wapi, unataka kuvua nini na utarudi saa ngapi. "Shikamoo mzee, mimi ni mgeni hapa, naomba unielekeze" hufungua milango ambayo leseni haifungui. Muulize nyavu zimetegwa wapi. Boya la chupa ya plastiki au kipande cha jerikani juu ya maji ni wavu wa mtu. Usipite juu yake, usivue kando yake. Ukirudi na samaki, uliza kama kuna anayemhitaji.

Asubuhi ya Naivasha, kwa saa

Toka Nairobi saa kumi alfajiri. Barabara ya juu kupitia Limuru huwa na ukungu mzito, hasa Juni hadi Agosti. Ile ya chini ya Mai Mahiu ina malori. Utafika karibu saa kumi na mbili. Usiingie majini. Panga vitu, kunywa chai, subiri viboko warudi na watulie. Saa moja na nusu ni mapema vya kutosha.

Kabla ya kushuka, mwachie mtu wa nchi kavu ujumbe wa simu: ufuko gani, unaelekea upande gani, utatoka saa ngapi, na ampigie nani usipotokea. Saa tano uwe umeshatoka majini, au unarudi. Upepo wa Naivasha huamka kuelekea saa sita, na ziwa lililokuwa kama kioo hupanda mawimbi yenye povu ndani ya nusu saa. Kwa mwanzaji upepo wa kilomita 15 kwa saa ndio mwisho. Anza safari kwa kwenda upande upepo unakotokea, ili ukichoka ukusukume nyumbani. Miezi ya masika na vuli tazama mawingu juu ya ukuta wa bonde. Ukisikia radi, laza fimbo, zile nyeusi za kaboni hupitisha umeme, na utoke.

Magugumaji nayo husafiri kwa upepo. Kisiwa kizima cha magugu kinaweza kufunga mlango uliotokea asubuhi. Uliza mapema pa pili pa kutokea.

Fimbo, mshipi na chambo

Anza na fimbo moja ya mita 2.1 ya uzito wa kati, rili ya ukubwa wa 2500 au 3000, na mshipi wa kusuka wa ratili 15. Mbele yake unga mita moja ya mshipi wa nailoni au flurokaboni wa milimita 0.30. Breki ya rili ikazwe kwa kilo moja na nusu hivi, na kipimo unacho jikoni: ning'iniza chupa ya maji ya lita 1.5 kwenye mshipi. Ikianza kushuka polepole, iko sawa. Mwanzaji hukaza mno, na kwenye kayaki adhabu yake ni kuburutwa kuelekea mashinani.

Kwa perege tumia ndoana ndogo, namba 8 au 10, kiboya kidogo, na nyungunyungu au tonge gumu la ugali lililokandwa na unga kidogo wa ngano ili lisivunjike. Kina cha mita moja hadi mbili, karibu na majani. Karpu hula chambo hichohicho, ila kikiwa kimelala chini.

Besi ndiye anayestahili kayaki. Wa Naivasha hula kamba wa maji baridi aliyeletwa 1970, kwa hiyo rangi za kahawia na nyekundu iliyoiva hufanya kazi. Chukua nyungunyungu wa mpira wa sentimita 10 hadi 13, ndoana yenye kipindo namba 3/0 na chubwi, kile kizito cha kuzamisha mshipi, ya umbo la risasi ya gramu 5 hadi 7. Pitisha mshipi kwenye chubwi, funga ndoana. Ingiza ncha kwenye kichwa cha nyungunyungu, itoe baada ya sentimita moja, geuza ndoana, kisha ifiche ncha ndani ya mwili bila kuitokeza. Nyungunyungu anyooke, akijikunja atazunguka na kusokota mshipi wote. Mrushe kando ya shina, muache azame mpaka mshipi ulegee, inua fimbo taratibu, ushushe. Mara nyingi besi humchukua anaposhuka, nawe utaona mshipi unatembea pembeni kabla ya kuhisi chochote. Zungusha rili mpaka mshipi ukaze, ndipo uvute kwa nguvu. Ukivuta mshipi ukiwa umelegea, nguvu yote inaishia kuisogeza kayaki.

Fundo: kunja mshipi mara mbili, pitisha kitanzi kwenye tundu la ndoana, funga fundo la kawaida bila kulikaza, vusha ndoana nzima ndani ya kitanzi, lowesha kwa mate, vuta ncha zote. Mshipi mkavu huungua ukikazwa na kukatika kwa samaki mkubwa wa kwanza.

Kambare ana miiba mapezini mwa pembeni. Mshike nyuma yake kwa kitambaa. Samaki wote watolewe ndoana ndani ya wavu wa kuopolea, juu ya mapaja, si kwa kuinama nje ya kayaki.

Hori za pwani

Hapa mwenye maji ni mwezi. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tofauti hupita mita tatu, na mdomo wa Kilifi hugeuka mto unaotoka kuelekea baharini. Siku hizo maji hufikia chini kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi, maana yake anayeingia alfajiri anavua huku mkondo ukimvuta nje. Mgeni achague maji mafu, karibu na tarehe 7 na 8 au 22 na 23 za mwezi wa Kiislamu: mkondo ni mdogo, na asubuhi maji yanajaa, yanakusukuma ndani ya hori. Pata jedwali la maji ya Kilindini, bandari ya Mombasa, na ulisome kabla ya kufunga safari.

Baki ndani ya hori, kandokando ya mikoko. Nje ya mwamba si pa mwaka wako wa kwanza, na wakati wa kusi, takriban Aprili hadi Oktoba, si pa kayaki kabisa. Hata kaskazi ikiwa tulivu, asubuhi kuna umande, upepo unaovuma kutoka bara; bahari inaonekana shwari kwa sababu unaitazama ukiwa umeipa mgongo nchi, na kurudi ndiko kugumu.

Rili iwe ya 4000, mshipi wa ratili 20 hadi 30, mbele yake nailoni ya ratili 40. Kamba wa baharini au kipande cha ngisi chini hukuletea changu na chewa wadogo. Chambo bandia cha bati cha gramu 20 kikivutwa kwa kasi hukuletea kolekole na mzia. Kwa mzia ongeza sentimita 15 za waya. Tasi ana miiba yenye sumu mgongoni na tumboni. Akikuchoma, tumbukiza mahali hapo kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia bila kuungua, nusu saa hadi saa moja na nusu, kisha muone daktari uvimbe ukizidi.

Ukirudi nyumbani

Toa kila jani la gugu kwenye kayaki, nanga na mkokoteni ukiwa bado ufukweni. Kipande kidogo kinatosha kuambukiza bwawa la watu Kiambu. Fungua kizibo. Kikombe kimoja cha maji ndani ni kawaida. Lita moja ni ufa, na maji yanayosukasuka tumboni ndiyo yanayofanya kayaki iyumbe bila sababu inayoonekana. Ikauke kabisa kabla ya kwenda maji mengine.

Baada ya bahari, suuza rili kwa maji baridi yanayotiririka kidogo, breki ikiwa imekazwa ili maji yasiingie, kisha ilegeze kabla ya kuihifadhi. Ndoana zilizoguswa na chumvi zikaushwe mbali na nyingine. Kayaki ilaze ubavu kivulini. Ikiwekwa kwa tumbo juu ya vyuma viwili kwa miezi, hubonyea. Na kama miguu yako iliingia Ziwa Victoria au maji yoyote yaliyotuama, weka kwenye kalenda kipimo cha kichocho baada ya wiki sita hadi nane. Dawa yake ni prazikwanteli, na hutolewa kwa kipimo cha uzito wa mwili.